Meza ya Nane na Nailoni ya Bluu

Nilitoka Mpanda mfuko wangu umefungwa kwenye kifundo cha mguu kwa kamba ya katani. Mama ndiye aliyeufunga, na alipiga fundo lile ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Dar es Salaam wanaweza kukuvua viatu ukiwa unatembea. Basi treni iliposimama Kaliua, halafu Tabora ambako tulilala tukingoja kuunganishwa behewa, halafu Dodoma, halafu Morogoro, mimi kila nilipokwenda chooni niliburuta mfuko nyuma yangu kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alinikaribisha karanga tangu siku ya kwanza. Nilikataa, kwa sababu mama alisema karanga za njiani zina dawa ya usingizi. Siku ya mwisho yule mzee alimaliza karanga ya mwisho, akakung'uta maganda yake dirishani, akaniambia, "Kijana, ungekufa njaa kabla mie sijapata nafasi ya kukuibia." Behewa zima likacheka. Na mimi nikacheka, lakini mkono ulikuwa juu ya kamba.

Nawaambieni hayo, nyie mnaoanza kazi ya kuotesha miche, ili mjue niliingia kazini nikiwa mtu wa namna gani. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na shaka ya kunitosha maisha yote. Cheti kililiwa na mchwa. Shaka bado ninayo.

Nimezunguka sana baada ya hapo. Nimeotesha maua Arusha, kahawa Mbozi, vitunguu Ruaha Mbuyuni, na kila mahali nilikaa mpaka nikapakumbuka pengine, nikaondoka. Sasa nimeacha kazi nikiwa bado katika miaka ya arobaini. Mgongo wa mtu wa vitalu hauhesabu miaka, unahesabu mara ulizoinama. Lakini mkiniuliza nilijifunzia wapi kazi hii, sitawatajia Arusha. Nitawatajia Kibamba, na mwanamke mmoja niliyemkosea huko.

Kibamba ya miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, haikuwa hii mnayoijua. Ilikuwa mikorosho, minazi, vichaka, na nyumba moja moja zilizotazamana kwa mbali. Mjomba wangu Kalisti alikuwa seremala Manzese, na kati ya vitu alivyotengeneza ni masanduku ya mbao ya kuoteshea miche. Mteja wake mkubwa alikuwa Bwana Mehbub, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini na kitalu huko Kibamba. Mjomba alichoka kulala na mtu mwenye kamba mguuni kwenye chumba kimoja, akanipeleka.

Bwana Mehbub alizaliwa Dar na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko changu. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Umesoma?"

"Kidato cha nne, bosi."

"Basi utakuwa mvivu. Lakini utajua kusoma maandishi kwenye makopo ya mbegu. Yanakuja mengine hata mie siyajui ni ya lugha gani."

Hakuwa anatania. Miaka ile maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla. Betri zilikufa siku ya pili, saruji ilikuwa nusu mchanga, na mbegu zilikuja kwenye makopo yenye picha ya nyanya kubwa kama kichwa cha mtoto. Watu walifurahi na kushuku kwa pumzi moja. Bwana Mehbub alikuwa ameshadanganywa mara nyingi kiasi kwamba aliweka kufuli hadi kwenye bomba la maji.

Mtu aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Tatu, Mzaramo wa hapo hapo Kibamba, mjane wa makamo ya mama yangu mkubwa. Ardhi ya kitalu ilikuwa ya mumewe marehemu. Familia ilipomuuzia Bwana Mehbub, walikubaliana kwamba Bi Tatu ataendelea kukaa kwenye nyumba yake ndogo upande wa bomba muda wote atakaofanya kazi pale. Akiacha kazi, au akiachishwa, na nyumba imekwenda. Wekeni hilo akilini, ndilo lenye uzito katika haya yote.

"Shikamoo," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Mfuko huo mguuni ni ugonjwa au urembo?"

Nikafungua kamba. Ilinibidi niikate.

Somo lake la kwanza halikuwa la kupanda. Alinipa miche miwili ya nyanya, mmoja mrefu na mmoja mfupi, akaniambia nichague. Nikachukua mrefu. Akanipiga kidogo mkononi.

"Mche unaorefuka haraka unakimbia kitu. Kabla hujausifia, uliza unakimbia nini."

Hilo ni la kuandika ukutani. Mche unaweza kurefuka kwa kubanana, kwa kivuli kikubwa, kwa maji mengi, kwa samadi mbichi. Ukiushika shina kwa vidole viwili na ukahisi kama umeshika uzi, usiupeleke shambani. Shina liwe kama njiti ya kiberiti, majani yawe na kijani cha kukolea, na kutoka jani hadi jani pawe pafupi. Mbegu usizisie kwa kutupa kama unalisha kuku, panga mistari. Mwagilia asubuhi, si jioni, la sivyo kinyausi, ule ugonjwa wa ukungu, kitakata miche kwenye shingo usiku huo huo. Na wiki moja kabla ya kuipeleka shambani, punguza maji, fungua kivuli kidogo kidogo, miche izoee jua. Hayo yote yalikuwa ya Bi Tatu, na hakuyasomea popote.

Kasoro yake moja, kama ni kasoro, ni kwamba alishuku kila kitu kipya. Alishuku makopo. Alimshuku mjomba kwamba anatumia mbao zenye dawa. Alinishuku mimi kwamba nalala mchana nyuma ya masanduku, na hilo lilikuwa kweli.

Siku moja Bwana Mehbub alileta nailoni. Mpaka siku hiyo tulikuwa tunafunika meza za miche kwa makuti, na makuti yalikuwa yanadondosha vumbi na wadudu. Nailoni ilikuwa ya njano iliyokolea, karibu na rangi ya chungwa, na ilipendeza. Tulikuwa na meza nane. Meza saba zilipata ya njano, ikaisha. Bwana Mehbub akapekua gari, akakuta kipande cha bluu, kikaenda meza ya nane, ile iliyo karibu na bomba. Mimi nikapewa meza saba. Bi Tatu, aliyekuwa akilalamikia magoti, akapewa hiyo moja.

"Mie nibakishieni makuti yangu," alisema.

"Bi Tatu, dunia inakwenda mbele."

"Ikifika itanikuta hapa hapa."

Baada ya wiki tatu meza zangu zilikuwa sherehe. Miche ilipanda juu kama imeitwa. Ile ya Bi Tatu, chini ya bluu, ilikaa mifupi, imejikunyata, majani meusi kwa ukijani. Wakulima walikuja wakapita meza ya nane bila kuitazama, wakagombania yangu. Mteja haoni shina, anaona urefu. Nilitembea pale kitaluni mikono nyuma kama mkaguzi. Nilimwambia Bi Tatu, na nasikitika kuyasimulia, "Bi Mkubwa, naona yako imedumaa."

Bi Tatu aliinama akashika shina la mche wangu mmoja, akauachia, ukaanguka upande.

Jambo moja nililiona na sikulifikiria. Miche ya pembeni mwa meza zangu, ile iliyokaribia pale nailoni ilipoishia, ilikuwa imeinama yote kwa nje, kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani dirishani. Mimi nikaona ni upepo.

Wakulima walianza kurudi. Wa kwanza alikuwa Mzee Pazi, aliyelima bonde la Mto Kizinga kule Mbagala. Alishuka na kikapu, akakimwaga miguuni kwa Bwana Mehbub. Miche ilikuwa imelala, mashina yamekatika.

"Nimekuja kuuliza. Mliniuzia miche au tambi?"

"Mzee Pazi, labda jua…"

"Jua lilikuwepo tangu kwa babu yangu! Jirani yangu alichukua ile mifupi ya yule bibi, kwa kuwa alichelewa. Yake imesimama inanicheka."

Alipoondoka, Bwana Mehbub aliniita kibandani. Alichezea funguo zake kwanza.

"Mbegu kopo moja. Udongo mmoja. Maji bomba moja. Saba zinaanguka, moja inasimama. Niambie kwa nini, wewe uliyesoma."

Vijana, hapa sikilizeni vizuri. Kwa miaka mingi hadithi hii nimeisimulia nikisema "watu walianza kusema." Watu hawakuanza. Nilianza mimi. Niliogopa kufukuzwa, nikatafuta cha kusema, na kilichokuja mdomoni ni kile nilichokuwa nimekichungulia asubuhi kadhaa. Bi Tatu alikuwa akitoka baada ya swala ya alfajiri, anapitisha upindo wa kanga yake taratibu juu ya miche ya meza ya nane, midomo inachezacheza. Akimaliza alikuja katikati ya meza zangu, akaikung'uta ile kanga, mara tatu.

"Anaisomea," nilisema. "Yake anaisomea heri. Halafu shari anaikung'utia kwangu."

Bwana Mehbub alirudisha funguo mfukoni.

"Mie uchawi siuogopi," alisema. "Naogopa wateja wanaouogopa. Umemwambia mtu mwingine?"

Nikasema hapana. Nilikuwa nimeshamwambia muuza maji, na yeye alikuwa na mkokoteni na miguu mizuri.

Haikuchukua wiki. Wanawake waliokuwa wakija kwenye bomba letu wakaanza kwenda kisima cha mbali. Bi Tatu alikuwa akipika vitumbua asubuhi, akiviweka kwenye kibaraza, watu wanapita kuchukua. Vikaanza kubaki. Mama mmoja, Mama Chausiku, aliyekuwa rafiki yake wa kusukana nywele, alimpita njiani akijifanya anatafuta kitu kwenye pindo la kanga yake. Bi Tatu aliona yote. Hakuuliza. Jioni alikula vitumbua vyake mwenyewe, kimoja kimoja, akitazama barabara.

Halafu Bwana Mehbub akamwambia kwamba mwisho wa mwezi apumzike. "Apumzike" ndilo neno alilotumia. Maana yake nyumba.

Aliyetuokoa alikuja kwa ajili ya jambo jingine. Wakulima walikuwa wamelalamika kwenye ofisi ya kilimo, na ofisi ikamtuma bibi shamba, dada mmoja kijana aitwaye Eliza, juu ya pikipiki iliyopiga kelele kuliko mwendo wake. Alikagua udongo. Alinusa maji. Alishika mashina. Kisha akasimama kwenye kona ya meza yangu ya tatu, mahali miche ilipochungulia nje, akakaa hapo muda mrefu mpaka nikadhani anaumwa.

"Nani ameona hii inavyoinama?"

"Upepo," nikasema.

"Upepo unavuma kutoka ndani ya nailoni?"

Akamuuliza Bwana Mehbub kuhusu rangi. Akamuuliza Bi Tatu anafanya nini asubuhi. Ndipo Bi Tatu alipoelewa, nadhani, ni kitu gani hasa kilikuwa kinasemwa. Alimgeukia bosi, si mimi.

"Asubuhi napangusa umande. Umande ukilala kwenye jani, ugonjwa unaamka. Na kanga ikilowa naikung'uta, au nitembee nayo inatiririka?"

"Na midomo?" Bwana Mehbub aliuliza, akitazama chini.

"Navuta uradi wangu. Ulitaka nikauvutie chooni?"

Eliza alicheka, kisha akajizuia alipoona hakuna mwingine anayecheka. Akatueleza, na nitajaribu kuyarudia alivyoyasema, maana nimeyabeba hadi leo.

Alisema mwanga tunaouona mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Nailoni ya njano ile inapitisha nyekundu na njano, lakini bluu inaizuia, haiingii au inaingia kidogo sana. Ya bluu inaipitisha. Na mmea una vipokezi, vitu vidogo mno ndani ya shina na majani, ambavyo kazi yake ni kungoja mwanga wa bluu. Mbegu huzaliwa na maagizo yake yote, ya kurefuka, ya kunenepesha shina, ya kutengeneza ukijani. Wataalamu wanayaita jeni. Lakini hayafanyi kazi yote kwa pamoja. Bluu ikivifikia vile vipokezi, maagizo mengine yanaamshwa na mengine yanalazwa, na mche unaambiwa: umeshatoka nje, jua hili hapa, acha kukimbia, jenga mwili. Bluu isipofika, mche unadhani bado umefukiwa au umefunikwa na mwingine. Unakimbia juu kutafuta. Na wa pembeni unaoona bluu kidogo upande mmoja unainama huko huko.

Bi Tatu alikuwa amekunja uso.

"Yaani mche una macho?"

"Una kitu kinachofanya kazi ya macho, bibi, ingawa si macho."

"Basi mmeifunga kitambaa usoni, halafu mnashangaa inapapasa."

Bwana Mehbub hakushawishika. Alisema maneno mazuri ameyasikia hata kwa waliomuuzia saruji ya mchanga. Na mimi, niwe mkweli, sikushawishika pia, au sikutaka. Kama ni nailoni, basi nilikuwa nimemsingizia mtu.

"Usiniamini," Eliza akasema. "Badilisheni. Bluu iende meza ya kwanza ya huyu kijana. Njano ije meza ya nane ya bibi. Otesheni mbegu siku moja, kopo moja, udongo mmoja, nafasi ileile, maji yaleyale. Bibi aendelee na uradi wake na kanga yake kama kawaida. Kama uzuri uko kwake, utamfuata. Kama uko kwenye nailoni, utaifuata nailoni."

Hiyo ndiyo njia, vijana. Badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili hujui kilichosema kweli ni kipi. Nimewaona watu wenye shahada wakibadilisha mbegu, mbolea na maji siku moja, kisha wanatoa hotuba.

Tulibadilisha. Lakini kila mtu alimshuku mwenzake, na hapo palikuwa na kichekesho. Bwana Mehbub aliyeyusha mshumaa akadondosha kwenye kona ya kila nailoni, akaugandamiza kwa pete yake, mtu asije akazibadilisha. Mimi nilichomeka njiti ya kiberiti kwenye mkunjo, mahali nilipopajua mwenyewe. Bi Tatu alifunga uzi mwekundu wa kanga kwenye mguu wa meza zote mbili, mafundo matatu. Kila asubuhi tulikutana pale watatu, kila mmoja anajifanya kapita tu, kila mmoja anakagua alama yake kwa pembe ya jicho. Siku moja njiti yangu ilianguka kwa sababu ya mvua, nikamtazama Bi Tatu. Aliniona.

"Uliitegesha kwa ajili yangu?"

"Hapana, Bi Mkubwa."

"Iokote basi, itegeshe kwa ajili ya mvua."

Miche iliota. Siku chache za kwanza ilikuwa sawasawa, na roho ya Bi Tatu ilikuwa juu juu. Alivuta uradi mrefu zaidi ya kawaida. Kama miche ile ingesimama imara chini ya njano, angekuwa amejihukumu kwa dua zake mwenyewe. Fikirieni mtu anayeomba kwa moyo wote huku anatumaini dua isijibiwe.

Wiki ya tatu haikuwa na ubishi tena. Meza ya nane, kwa kanga yake yote na uradi wake wote, ilikuwa imejaa miche mirefu, myembamba, inayochungulia nje. Meza yangu ya kwanza, ambayo sikuisomea kitu chochote zaidi ya kunung'unika, ilikuwa mifupi, imekolea, mashina kama njiti.

Bi Tatu alisimama kati ya meza mbili. Akashika mche wake mwembamba, akauachia, ukaanguka.

"Alhamdulillahi," alisema. Sijawahi kumsikia mkulima mwingine akishukuru kwa miche mibaya.

Bwana Mehbub akafuta ile habari ya kupumzika siku hiyo hiyo. Aliahidi kuwarudishia wakulima miche mingine, na alitimiza. Lakini Bi Tatu alisema nyumba amebaki nayo, majirani bado hajawapata. Akamtaka awaite waje waone.

Wakaja siku ya Ijumaa baada ya swala. Mzee Pazi alikuja kutoka Mbagala na wenzake wawili, wanawake wa bomba wakaja, muuza maji akaja na mkokoteni wake. Eliza alieleza tena, akionyesha huku na huku. Watu waligusa mashina, wakatikisa vichwa. Nikaanza kupumua. Ndipo Mama Chausiku akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote:

"Kwani nailoni hairogeki?"

Kicheko. Si kikubwa, lakini kilitosha. Niliona uso wa Bi Tatu, na nikaelewa kwamba mwanga wa bluu hauwezi kumtetea mtu. Unatetea miche.

Bi Tatu aliwageukia wote, akauliza, "Nani alikuwa wa kwanza kulisema hili jambo?"

Bwana Mehbub alitazama funguo zake. Muuza maji alinitazama mimi. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na bahati ya watu wawili waoga.

"Mimi," nikasema.

"Sema tena. Kule nyuma hawajasikia."

"Ni mimi. Miche yangu ilianguka, niliogopa kufukuzwa, nikasema anaisomea. Sikuona uchawi. Niliona mtu anapangusa umande."

"Ala!" Mama Chausiku akashika kiuno. "Kumbe ni huyu wa kuja! Huyu aliyeingia mjini kajifunga kamba kama mbuzi wa mahari ndiye wa kutugombanisha mie na Tatu?"

"Mwache," Bi Tatu akasema. "Yeye kasema mara moja. Nyie mmekaa na njaa ya kusema mwezi mzima." Kisha akaingia ndani, akatoka na sinia la vitumbua vya asubuhi, vilivyopoa, akaliweka juu ya meza ya nane. Akamtazama Mama Chausiku. Mama Chausiku alichukua kimoja, akakila chote huku watu wakimwangalia, akachukua cha pili. Ndivyo lilivyokwisha, kwa upande wao.

Kwa upande wangu halikwisha. Juzi juzi binti wa dada yangu, anayesoma kilimo chuoni, alinichorea vile vipokezi kwenye karatasi. Alisema viko vya aina zaidi ya moja, vingine vinazuia mche kurefuka ovyo na kuamsha jeni, vingine vinauelekeza uiname kufuata mwanga na kufungua vitundu vya majani upumue. Nyie sasa mnawasha taa za bluu na nyekundu ndani ya vyumba, mnapima, mnaamua. Ni vizuri. Bado nawashauri mkanunue nailoni mkiwa na shaka, mkaiinue juani, mkaone imewaachia rangi gani. Na miche ikienda vibaya, kagueni nailoni, maji, udongo, mbegu, na mikono yenu, yote hayo, kabla hamjamtaja mtu.

Nilikaa Kibamba miezi michache baada ya hapo. Hakuna aliyenifukuza. Lakini keni ya kumwagilia ilipopotea, macho yalinigeukia mimi. Mbegu zilipopungua kwenye kopo, mimi. Keni ilikutwa kwa mjomba ikizibwa tundu, mbegu zilikuwa zimeliwa na panya, na hakuna aliyesema samahani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema kitu. Mtu aliyemsingizia bibi, atashindwa na keni? Nilijua hesabu hiyo. Ningeipiga mimi pia.

Asubuhi niliyoondoka, miche ya bilinganya ilikuwa imetoa majani mawili ya kweli, na niliinama kuitazama kwa muda kuliko ilivyohitaji. Nilimuaga Bwana Mehbub, akanipa mkono. Bi Tatu alikuwa amesimama getini. Watu wa bomba walikuwepo, ndoo zimepangwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Naondoka."

"Marahaba. Lete mfuko."

Nikampa. Aliuweka juu ya ukuta mfupi wa geti, akaufungua mbele ya wote. Alitoa shati moja, akalikung'uta, akapapasa mifuko. Alitoa suruali, akapitisha kidole kwenye pindo. Alifungua daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Alitia mkono ndani ya viatu. Hakuwa na haraka. Maji yalimwagika kwenye ndoo iliyojaa na hakuna aliyefunga bomba. Nilijua hakuna kitu humo kisicho changu. Nilijua vizuri kabisa, na bado nilianza kuwaza: je, kama kuna mbegu iliyonasa kwenye mshono?

Alipomaliza alikunja nguo zote upya, vizuri kuliko nilivyozikunja mimi, akazirudisha, akafunga mfuko, akanipa.

"Hamna kitu," aliwaambia wote. Kisha akanitazama, kwa sauti ya kunitosha mimi peke yangu.

"Hujaiba, na bado umetoka jasho. Nenda salama, mwanangu."

Nikashika barabara ya Morogoro, nikielekea bara.